Muulize Mwalimu: Mbona walikaa shimoni miaka minne?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja ya kupita njia, kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Ulaya yaliingia mahandakini mwaka 1914 yakatoka 1918. Sentensi hiyo imenitia matatani. Barua zimekuja kwa simu na kwa mkono, na moja iliachwa kwa muuza kahawa wangu wa jioni, imeandikwa nyuma ya risiti ya saruji. Basi wanaoniuliza kila mwezi habari za nguzo ya Vasco da Gama wanisamehe, leo zamu si yao.

Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tatu hapa Malindi. Darasani tuliambiwa majeshi yalikwama kwa sababu ya bunduki za rashasha. Lakini anayeshambulia si naye alikuwa nazo? Kwa nini basi mmoja asishinde?
*Msichana wa Barani*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako kasema kweli, ila kakupa nusu.

Anza na uzito. Rashasha ya siku hizo si hii unayoiona kwenye sinema, mtu kaitia begani anakimbia nayo. Ya Wajerumani, pamoja na kitako chake, ilikaribia uzito wa mtu mzima, na bado ilitaka maji ya kuipoza na masanduku ya risasi. Aliyemo handakini keshaitua, keshailenga, anasubiri. Anayeshambulia lazima aibebe, avuke matope na mashimo, apenye seng'enge, ndipo aitue. Seng'enge yenyewe ilibuniwa Marekani kwa ajili ya ng'ombe. Kwa hiyo silaha ilikuwa ya wote, lakini ilimfaa aliyekaa kuliko anayetembea.

Nusu ya pili ni reli, na hii ndiyo wengi huiruka. Tuseme Waingereza wameuvunja mstari. Ilitokea, tena si mara moja. Sasa wako kilomita mbili ndani. Wamechoka, mizinga yao imebaki nyuma, maji ya kunywa yamebaki nyuma, na ardhi waliyoivuka wameipiga makombora wao wenyewe wiki nzima hata mkokoteni wa punda haupiti. Mjerumani amerudi nyuma kidogo, kwenye ardhi ambayo haijaguswa, na nyuma yake kuna stesheni. Usiku uleule garimoshi linashusha kikosi kipya. Mmoja anakuja kwa miguu, mwenzake kwa treni. Wewe niambie nani anafika kwanza.

Ongeza na hili: jenerali hakujua kinachotokea. Redio za kubebwa na askari hazikuwepo. Waya za simu zilikatwa na makombora, basi habari ilibebwa na mtu anayekimbia, au na njiwa. Mpaka jenerali ajue kuwa kuna upenyo mahali fulani, upenyo umeshazibwa.

Mfano mmoja unatosha. Tarehe 1 Julai 1916, karibu na mto Somme nchini Ufaransa, Waingereza walitoka mahandakini asubuhi baada ya kupiga mizinga kwa juma zima, makombora kama milioni moja na nusu. Waliamini hakuna kiumbe aliyebaki upande wa pili. Wajerumani walikuwa wamejichimbia vyumba chini ya ardhi, vingine kina cha mita tisa au kumi, na mizinga iliponyamaza wakapanda ngazi na rashasha zao. Seng'enge sehemu nyingi haikukatika. Askari wengi walikuwa wamebeba karibu kilo 30 kila mmoja: risasi, maji, koleo, mabomu ya mkono. Siku hiyo moja Waingereza waliouawa ni 19,240, na pamoja na waliojeruhiwa au kupotea hesabu inafika 57,470. Vita vya Somme vikaendelea mpaka Novemba, na umbali waliousogea wote, pale waliposogea zaidi, ni kama kilomita kumi. Ni kama kutoka hapa mjini hadi Gede, na wala hufiki Gede.

Sisi wa barazani tunacheza dhumna. Unajua mchezo unapofungika: kila mtu ana vipande mkononi, hakuna anayeweza kuteremsha. Sisi huhesabu, anayebakiwa na kidogo kashinda, tunaagiza kahawa. Wao walikuwa na vipande tele na kila wiki vilikuja vipya kwa treni. Nani angekubali kuhesabu?

Assalamu alaykum, Mwalimu. Umeandika kana kwamba handaki ni uvumbuzi wa Wazungu. Neno lenyewe umelitoa wapi? Watoto wa chuoni hapa kwetu wanakijua kisa cha Khandaq kabla hawajajua kuandika majina yao. Rekebisha.
*Mzee wa Langoni, Lamu*

Wa alaykumu salaam, mzee wangu. Nimerekebisha, na kichwa nimeinamisha.

Neno ni la Kiarabu, khandaq, na Waarabu nao walilichukua kwa Waajemi, kama alivyokuwa Mwajemi Salman, sahaba wa Mtume, aliyetoa shauri lichimbwe. Mwaka wa 5 Hijria, 627 kwa hesabu ya Miladia, Madina ilichimbiwa handaki upande wa kaskazini, kwani kwingine kulikuwa na majabali ya mawe meusi na mashamba ya mitende. Farasi wa Makuraishi wa Makka na wenzao, waliokuja kuwapiga Waislamu, hawakuweza kuliruka. Wakapiga kambi nje, siku zikapita, chakula kikapungua, baridi ikawaingia, upepo ukapindua vyungu na mahema, wakafunga mizigo.

Lakini nipe ruhusa nikushike mkono hapo hapo. Wale waliondoka kwa sababu hakuna msafara wa ngamia uwezao kulisha watu wapatao elfu kumi jangwani siku zote. Ufaransa treni iliweza kulisha mamilioni. Kila upande ulikuwa na handaki lake, na nyuma ya kila handaki kulikuwa na reli ya kulilisha. Hakukuwa na wa kushindwa na njaa ya kambini, basi hakukuwa na wa kufunga mizigo.

Na ukitaka kuniongezea lawama, sema pia kuwa Wajapani na Warusi walikwishakaa kwenye mahandaki kule Mukden, Uchina, mwaka 1905, seng'enge na rashasha zikiwepo, na maafisa wa Ulaya wakiwa wageni waalikwa wanatazama kwa darubini. Walitazama, wakaandika ripoti, wakarudi makwao kufundisha askari kushambulia kwa ujasiri.

Mwalimu, kazi yangu ni kuchimba visima na vyoo, Maweni mpaka Mayungu. Mchanga wetu huu usipoukinga unakufukia ungali hai. Hao walichimba nchi nzima, kuta zilisimamaje? Na maji je?
*Fundi*

(Hii ndiyo ya risiti ya saruji. Mifuko saba, naona, na deni.)

Fundi, ungekuwa Ubelgiji mwaka 1915 wangekupa usajini siku ya kwanza. Mstari wote, kutoka mpaka wa Uswisi hadi Bahari ya Kaskazini, ulikuwa kama kilomita 700. Ni kama utoke hapa Malindi upitie Mombasa, ufike Nairobi, upitilize mpaka Naivasha. Na si handaki moja. Kulikuwa na la mbele, la pili la akiba, la tatu, na vichochoro vya kuunganisha, pande zote mbili.

Udongo ulikuwa tofauti kila mahali, kama ujuavyo wewe kuwa Mayungu si Maweni. Kule Somme chini ni jiwe la chokaa, laini kukatika na imara kusimama, ndiyo maana Wajerumani waliweza kushuka mita kumi wakaweka ngazi na vitanda. Sehemu za Flanders, huko Ubelgiji, ni udongo wa mfinyanzi, na maji huyakuta hata mita moja hujamaliza. Huko hawakuchimba sana. Walipandisha ukuta juu kwa magunia ya mchanga na udongo. Kuta za ndani wakazikinga kwa mbao, mabati, na fito zilizosukwa, sawasawa na tunavyosuka ukuta wa nyumba kabla ya kuukandika. Chini wakatandika mbao za kukanyagia, ambazo usiku wa mvua zilielea.

Kitu kimoja kingekushangaza: hawakulichimba moja kwa moja. Kila baada ya mita chache linapinda kama nyoka. Kombora likiingia, mlipuko unaishia kwenye kona, na adui akilishika pembe moja hawezi kufyatua risasi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Choo, maana najua hilo ndilo hasa unataka kuuliza, kilikuwa shimo au ndoo kwenye kichochoro kifupi cha pembeni. Kazi ya kukitunza ilikuwa adhabu, na mahali pale palikuwa pa hatari kwa sababu adui naye alijua watu hupita hapo asubuhi.

Maji ndiyo yaliyowaumiza. Kusimama siku nzima ndani ya buti zilizolowa kulifanya miguu ivimbe, iwe myeusi, vidole vioze. Dawa ilikuwa soksi kavu na mafuta ya nyangumi, na afisa kuhakikisha kila askari anampaka mwenzake. Panya walinona kwa sababu ambayo sitaiandika, maana gazeti hili husomwa mezani. Chawa walikuwa wa wote, jenerali labda hakuwa nao. Chakula: nyama ya kopo, biskuti ngumu za kuvunjia meno, chai yenye ladha ya petroli kwa kuwa maji yalikuja kwenye makopo ya petroli.

Usidhani askari alikaa mbele miaka minne mfululizo. Walipokezana, siku chache mbele, siku chache kwenye handaki la akiba, kisha kijijini nyuma kufua na kulala. Waliogopa hasa alfajiri na magharibi, saa ambazo kila mtu alisimama na bunduki akitazama ukungu.

Tajiri wangu ni Mtaliano, ana picha ya babu yake kwenye theluji na bunduki. Kumbe nao walikuwemo?
*Mpishi, Casuarina*

Walikuwemo, kuanzia Mei 1915, dhidi ya dola ya Austria na Hungary. Walishambulia kwenye mto Isonzo mara kumi na moja mpaka Septemba 1917 bila kupata la maana, kisha Oktoba mwaka ule, mahali paitwapo Caporetto, wakavunjwa wao. Milimani mahandaki yalichongwa kwenye mwamba na barafu, na Desemba 1916 theluji iliporomoka ikaua maelfu bila kuchagua bendera. Babu huyo aliyepigwa picha akarudi nyumbani alikuwa na bahati. Wazee wetu wanamkumbuka Mtaliano kwa jingine: mwaka 1940, vita vya pili, ndege zake zilidondosha mabomu hapa hapa Malindi. Leo anauza pitsa palepale. Usimnunie tajiri wako, ni mjukuu tu.

Sasa walitokaje?
*Ujumbe wa simu, bila jina*

Kwa kuchelewa. Walijaribu gesi ya sumu: Wajerumani, Ypres nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Mapema tu pande zote zikavaa barakoa. Walijaribu kuzunguka kwa bahari, wakateremka Gallipoli, Uturuki, mwezi uleule, na huko nako wakaishia kuchimba mahandaki mpaka walipoondoka. Vifaru vilitoka mara ya kwanza Septemba 1916, vichache, vingi vikaharibika njiani. (Zamani darasani nilifundisha kuwa vifaru vilishinda vita. Wanafunzi wangu wa miaka ile, nisameheni, mtihani mlipita.)

Machi 1918 Wajerumani walivunja mstari kweli, wakasonga makumi ya kilomita ndani ya siku chache, na yakawapata yaleyale: miguu ilizidi mkate. Askari wenye njaa walisimama kupora maghala ya Waingereza. Tarehe 8 Agosti, karibu na Amiens, Waingereza, Wafaransa, Wakanada na Waaustralia wakashambulia kwa mamia ya vifaru, ndege juu, mizinga iliyolengwa kwa hesabu, wakasonga zaidi ya kilomita kumi siku moja. Wamarekani walikuwa wakiteremka kwa malaki. Ujerumani imefungiwa bahari, raia wana njaa. Tarehe 11 Novemba saa tano asubuhi, kimya.

Mwalimu, haya yote ni ya Wazungu na baridi yao. Sisi yalituhusu nini?
*Mama wa Ganda*

Dada yangu, yalituhusu mpaka kwenye shingo.

Miaka ya tisini niliwapeleka wanafunzi Taveta kwa basi la shule. Kabla hujafika mjini kuna kilima, Salaita, si kirefu, unakipanda huku unaongea. Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika, walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914 na kilima hiki wakakifanya ngome. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia, mbele wakiwa askari wa Afrika Kusini waliowasili karibuni, ambao walikuwa wakicheka kuambiwa watapigana na askari weusi. Mizinga ikapiga kileleni kwa kuwa mahandaki yalionekana kileleni. Mahandaki yenyewe hasa yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefichwa vichakani. Wakaja wima, wakapokewa na rashasha kutoka mahali wasipopatazama, na mchana askari wa Kiafrika wa Wajerumani wakatoka na singe. Waliowakinga wasimalizwe wakikimbia ni Wabulushi wa jeshi la India, waliokuwa wakidharauliwa nao njia nzima. Mombasa hawahitaji kuelezwa Mbulushi ni nani.

Wanafunzi wangu waliingia kwenye mitaro ile, sasa inafika magotini tu, wakapiga picha. Kuna mbuyu huko ambao mwenyeji wetu aliapa mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akidungua watu. Sikuamini, lakini mbuyu ni mkubwa.

Sikiliza kilichofuata. Mwezi mmoja haukwisha, Salaita ikachukuliwa bila vita. Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, alipeleka jeshi likazungukia kaskazini, na Wajerumani wakaona watafungiwa, wakaondoka usiku. Ufaransa huwezi kuzunguka: kushoto bahari, kulia Uswisi. Huku nyika haina mwisho. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alielewa hivyo, akachimba, akapiga, akahama. Mahiwa, nyuma ya Lindi, Oktoba 1917, pande mbili zilichimba na kushikana siku nne, Waingereza wakapoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kufa na kujeruhiwa; mwezi uliofuata Lettow kavuka Ruvuma kaingia Msumbiji. Alisalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Sasa, treni za huku ziko wapi? Waingereza walivuta reli kutoka Voi kuelekea Taveta, ndiyo. Lakini kusini, nyuma ya Kilwa na Lindi, farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o, malori yalizama. Kazi iliyofanywa Ufaransa na garimoshi, huku ilifanywa na kichwa cha mtu. Watu hao waliitwa Carrier Corps, midomo yetu ikalifanya Kariakoo, na jina likabaki Nairobi na Dar es Salaam, watu wananunua nyanya juu yake.

Wagiriama waliwafahamu Waingereza mapema. Agosti 1914, wiki zilezile Ulaya inawaka, serikali ilikuwa inapigana nao hapa nyuma ya mji wetu, nyumba zinachomwa, watu wanafukuzwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani, alikwisha kuwaonya wenzake kuhusu kuwapa Waingereza vijana. Waliposhindwa, masharti yalikuwa faini ya fedha, na vijana.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa waliochukuliwa baadaye, mwaka 1917. Alipelekwa Mombasa, akapakiwa melini mpaka Lindi. Mzigo wake ulikuwa sanduku la risasi, kama kilo 23, na juu yake blanketi na posho yake mwenyewe. Posho ilikuwa unga wa mahindi wa kukobolewa ovyo, usioiva kwa moto wa haraka, na uliwaharisha mpaka wakafa. Kuhara ndiko kulikoua, kuliko risasi. Waliohesabiwa kufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 40,000, na kuhesabu huko kulifanywa na watu waliokuwa na mengine ya kufanya.

Nilikuwa mtoto, nikamwuliza kama alimpiga Mjerumani. Akanitazama kama nimemwuliza kama aliwahi kufika mwezini. "Mjerumani sikumwona," akasema. "Niliona kisogo cha mwenzangu. Kikianguka, naona cha aliyekuwa mbele yake."

Alikuwa amepewa kisahani cha bati chenye namba, avae shingoni. Aliporudi alikipeleka kwenye afisi fulani kudai mshahara wa miezi ya mwisho. Karani akatazama daftari, akamwambia mwenye namba hii ameshafariki. Babu akasema mimi hapa. Karani akasema daftari ndilo linalosema.

Bibi alikifunga kisahani kile kwa kamba shingoni mwa mbuzi mmoja mtoro, kimlize kengele kwa kugongana na kijiti. Mbuzi aliliwa na fisi mwaka niliojiunga na shule, kisahani kikapatikana kwenye majani. Kiko mezani hapa. Namba yote imefutika isipokuwa saba mbili za mwisho.